Niliugua homa na vipele mimba ikiwa na wiki 10: nitajuaje kama mtoto ameathirika?

"Daktari, nina ujauzito wa wiki 14, mimba yangu ya pili. Mume wangu alirudi safari ya kikazi akiwa na homa kidogo na macho mekundu, akapona baada ya siku chache. Siku kadhaa baadaye, mimba ikiwa na wiki 10, na mimi nikapata homa ya chini chini, vipele vya kuwasha mwili mzima na maumivu ya viungo vya mikono. Nilipima malaria, haikuonekana, nikaambiwa ni homa tu. Nikameza ibuprofeni kwa siku mbili. Juzi nimepima damu maabara, na majibu yanasema kingamwili za IgM za Zika zipo, na za dengi pia zipo. Ultrasaundi ya wiki 12 ilikuwa nzuri. Sasa nimechanganyikiwa. Je, nina magonjwa yote mawili? Ultrasaundi nzuri maana yake mtoto amesalimika? Nimeambiwa kila mtoto wa mama mwenye Zika huzaliwa na kichwa kidogo, na rafiki yangu ananishauri niitoe mimba mapema. Mwingine anasema nichomwe sindano ya kuvuta maji ya uzazi ili nijue mara moja. Nilichanjwa homa ya manjano miaka ya nyuma, kama hilo lina maana. Na nikijifungua, nitaruhusiwa kunyonyesha?"

Dada yangu, pole sana. Umebeba hofu hii kwa wiki nne, na kila uliyemuuliza amekuongezea nyingine. Nianze na lile unalolihitaji zaidi leo. Majibu hayo ya damu hayathibitishi kwamba uliugua Zika. Na ultrasaundi ya wiki 12, hata ikiwa nzuri namna gani, haithibitishi kwamba mtoto amesalimika. Hakuna kipimo kimoja cha siku moja kitakachokupa ndiyo au hapana. Kitakachokupa jibu ni kumfuatilia mtoto hatua kwa hatua, kwa tarehe zinazojulikana, mpaka azaliwe na hata baada ya hapo. Kwa hiyo usikubali kufanya jambo lolote lisiloweza kurudishwa nyuma kwa sababu ya karatasi hiyo moja ya maabara.

Nirudi kwenye siku ulipoambiwa "ni homa tu". Kwa mjamzito hakuna homa tu. Kipimo cha malaria hutafuta vimelea vya malaria, basi. Hakiwezi kuona virusi hata kama damu imejaa virusi. Malaria huenezwa na mbu aina ya Anopheles, anayeuma zaidi usiku. Zika, dengi na chikungunya huenezwa na mbu mwingine kabisa, Aedes, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo mama anaweza kulala ndani ya chandarua kila usiku, akapimwa malaria akaonekana hana, na bado akawa ameambukizwa virusi hivi akiwa amekaa nje saa nne asubuhi.

Dalili ulizozieleza zinashabihiana na Zika: homa isiyo kali, vipele vinavyowasha, maumivu ya viungo, na kwa mume wako macho mekundu yasiyotoa usaha. Dengi kwa kawaida huja na homa kali ya ghafla na maumivu makali ya kichwa nyuma ya macho. Chikungunya huumiza viungo kiasi kwamba mtu hushindwa hata kushika kikombe. Lakini magonjwa haya huingiliana sana, na sijawahi kumwamini daktari anayeyatofautisha kwa macho peke yake. Tena watu wapatao wanne kati ya watano wanaoambukizwa Zika hawahisi kitu chochote. Wewe ulihisi, na unaikumbuka wiki. Hilo linatusaidia kuliko unavyodhani.

Sasa nije kwenye kingamwili, maana hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo wahudumu wa afya. Mwili ukiingiliwa na virusi hutengeneza kingamwili. Zile za mwanzo, IgM, huanza kuonekana kwenye damu mwishoni mwa wiki ya kwanza ya ugonjwa. Kipimo chako hakikutafuta virusi. Kilitafuta alama walizoacha walinzi wa mwili. Virusi vya Zika, dengi na homa ya manjano ni vya ukoo mmoja, na maumbo yao ya nje yanakaribiana sana. Ni kama ndugu wa tumbo moja waliofanana sura: mlinzi aliyeonyeshwa picha ya mmoja atamkamata na mwenzake. Ndiyo maana mtu aliyeugua dengi pekee anaweza kupewa majibu yanayosema ana Zika, na aliyeugua Zika pekee akaambiwa ana dengi. Majibu yako ya "vyote viwili vipo" yana uwezekano mkubwa wa kuwa ugonjwa mmoja ulioonekana mara mbili. Kuugua yote mawili kwa pamoja kunawezekana, ila si jambo la kulifikiria kwanza.

Kuna tatizo la pili, na ndilo lililowafanya wataalamu wengi wapunguze imani kwa kipimo hiki kwa wajawazito. Zamani tulidhani IgM ya Zika hupotea baada ya wiki 12 hivi. Baadaye ikaonekana kwamba kwa baadhi ya watu hubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mama akipimwa leo akakutwa nayo, inawezekana aliambukizwa kabla hata mimba haijatunga, na kwa maana hiyo mtoto huyu hahusiki. Karatasi haikuonyeshi tarehe ya maambukizi. Kama ungekuwa umepimwa mwanzoni kabisa mwa ujauzito ukaonekana huna, kisha sasa ukaonekana unayo, tungekuwa na hoja nzito. Kama kuna damu yako iliyotunzwa na maabara kutoka hudhurio lako la kwanza la kliniki, uliza kama inaweza kupimwa. Wakati mwingine huwa ipo.

Chanjo yako ya homa ya manjano ina maana, na umefanya vizuri kuitaja. Baada ya IgM kutoa majibu yenye utata, maabara kubwa za rufaa zina kipimo kingine kinachoangalia ni virusi gani hasa ambavyo damu yako inaweza kuvizuia visiambukize seli. Kipimo hicho huchukua muda mrefu, lakini hutenganisha vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na ndugu yeyote wa ukoo huu. Kwa mtu aliyechanjwa homa ya manjano, au aliyewahi kuugua dengi hata bila kujua, damu inaweza kuvizuia virusi vyote kwa nguvu inayokaribiana, na jibu likabaki "aliambukizwa kirusi cha ukoo huu, hatujui kipi". Nakuambia mapema ili jibu la namna hiyo likija usidhani kuna mtu aliyekosea.

Kipimo ambacho hujakitaja, na ambacho ningependa kifanyike wiki hii, ni cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Kifanyike kwa damu na kwa mkojo, kwa Zika na dengi kwa pamoja. Kwa watu wengine virusi vya Zika hutoka kwenye damu ndani ya wiki moja au mbili. Kwa wajawazito vimewahi kuonekana kwa muda mrefu zaidi, hivyo inafaa kupima mpaka wiki 12 tangu dalili zianze. Wewe una wiki nne tu. Mlango bado uko wazi, ila kila wiki unazidi kufungwa. Kikionyesha Zika, na kipimo cha marudio kikakubaliana nacho, tutajua kwa uhakika. Kisipoonyesha kitu, hatutaweza kusema hukuugua, kwa sababu huenda virusi vimeshatoka kwenye damu. Nenda na karatasi iliyoandikwa tarehe tatu: siku homa ilipoanza, siku mume wako alipoanza kuugua, na siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Daktari asiye na tarehe hizo hawezi kuyasoma majibu yako sawasawa.

Kuhusu ultrasaundi, nieleze kwanza virusi hivi hufanya nini tumboni. Kutoka kwenye damu ya mama hufika kwenye kondo la nyuma, na huko vina uwezo wa kuishi ndani ya seli zilezile za ulinzi zilizowekwa kuvizuia. Vikivuka vikamfikia mtoto, hupenda sana seli changa zinazozalisha seli nyingine zote za ubongo. Seli hizo hufa au huacha kugawanyika. Ubongo hupungukiwa na malighafi ya kukua, na kwa kuwa fuvu hukua kwa kusukumwa na ubongo, fuvu nalo hubaki nyuma. Miezi mitatu ya kwanza ndipo seli hizo zinapofanya kazi kubwa kuliko wakati wowote, na ndiyo maana maambukizi ya kipindi hicho hutuogopesha zaidi.

Angalia mfuatano huo ulivyo mrefu: mama anaugua, virusi vinavuka, seli zinakufa, ubongo unachelewa, kisha ndipo fuvu linachelewa. Hayo hayatimii ndani ya wiki mbili. Dalili za mwanzo zinaweza kuonekana kuanzia wiki ya 18 au 20, lakini kwa watoto wengi huonekana mwishoni mwa miezi mitatu ya pili au hata mwanzoni mwa ile ya mwisho. Ultrasaundi yako ya wiki 12 ilifanyika siku zipatazo 14 baada ya ugonjwa. Isingeweza kuonyesha madhara ya Zika hata kama yangekuwepo.

Pamoja na hayo, itunze kama cheti, maana ina thamani nyingine kubwa. Kipimo cha mapema ndicho kinachokadiria umri wa mimba kwa usahihi zaidi. Huko mbele tutakapopima mzingo wa kichwa tutaulinganisha na umri, na umri ukikosewa kwa wiki tatu, kichwa cha kawaida kabisa kitaonekana kidogo. Nimeona akina mama wakilia miezi mizima kwa kosa la hesabu ya tarehe. Wewe una msingi mzuri wa kuhesabia.

Ufuatiliaji wenyewe uende hivi. Kati ya wiki 18 na 22 fanyiwa ultrasaundi ya kina, kwa mtu aliyezoea kuangalia ubongo wa mtoto tumboni. Ikiwezekana apatikane bingwa wa aina hiyo. Baada ya hapo rudia kila wiki tatu au nne mpaka karibu na kujifungua. Aangalie zaidi ya ukubwa wa kichwa: chembe za chokaa ndani ya ubongo, nafasi za maji zilizopanuka kupita kiasi, mikunjo ya ubongo, macho, na kama mikono na miguu inajikunja na kunyooka. Wapo watoto walioathirika ambao vichwa vyao vilikuwa na ukubwa wa kawaida, kwa hiyo anayepima mzingo peke yake na kuandika "sawa" hajamaliza kazi. Umuulize kwa upole: "Na ndani ya ubongo umeonaje?" Ni haki yako.

Kuna upande wa pili pia. Kichwa kilicho chini kidogo ya wastani tumboni si ugonjwa. Wapo watoto wenye vichwa vidogo kwa kurithi, na wengi wao huzaliwa wazima. Kwa hiyo kipimo kimoja kilicho chini kidogo kikuletee kurudia baada ya wiki tatu, kisikuletee matanga. Tunachokitafuta ni mwelekeo: kichwa kinaendelea kukua kwa kasi yake, au kinazidi kuachwa nyuma na mwili?

Nimjibu sasa rafiki yako. Naamini amekushauri kwa mapenzi, lakini hayo uliyoambiwa, kwamba kila mtoto huzaliwa na kichwa kidogo, si kweli. Si kila mtoto, wala si nusu, wala si robo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watoto 100 wa akina mama walioambukizwa Zika wakiwa wajawazito, 5 hadi 15 huonyesha madhara yanayohusiana na ugonjwa huo. Katika maeneo ya Marekani nje ya majimbo yake, miongoni mwa akina mama waliothibitishwa kwa kipimo cha vinasaba, madhara yalionekana kwa karibu asilimia 8 ya walioambukizwa miezi mitatu ya kwanza, asilimia 5 ya miezi mitatu ya pili na 4 ya mwisho. Katika maeneo ya Ufaransa ya Karibi na Guyana, mwaka 2016, kwa miezi mitatu ya kwanza ilikuwa asilimia 12.7. Hao wote walikuwa wamethibitishwa. Wewe hujathibitishwa. Hata kwa makadirio ya juu kati ya hayo, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 hawakuonekana na madhara hayo.

Sitaki nikufariji kupita ukweli. Kwa wale wachache wanaoathirika, madhara huwa mazito: degedege, kushindwa kumeza, viungo vilivyokaza, macho yasiyoona vizuri, ukuaji unaochelewa maisha yote. Ni sawa kuogopa. Iwapo huko mbele ultrasaundi itaonyesha ubongo umeharibika vibaya, utakuwa na maswali magumu, na utastahili kukaa na daktari bingwa na mshauri, ana kwa ana, mzungumzie hali ya mtoto, sheria za mahali ulipo, na imani na uwezo wa familia yako. Uamuzi wa wakati huo ni wenu. Ila kuitoa leo, kwa karatasi isiyoweza hata kusema ni kirusi gani, ni kuamua kabla ya kujua. Na mtu yeyote asikupeleke kuitoa kwa siri mahali pasipo na wataalamu. Huko wanawake hupoteza maisha.

Sindano ya maji ya uzazi nayo ina nafasi yake, ila si hapa tulipo. Historia ya kipimo hiki kwa Zika ni ya kuheshimiwa. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa kwenye msitu wa Zika nchini Uganda, na kwa miaka mingi kikadhaniwa kuleta homa nyepesi tu. Mwishoni mwa 2015, wakati kaskazini mashariki mwa Brazil watoto wengi walipoanza kuzaliwa na vichwa vidogo, daktari Adriana Melo wa Campina Grande alipeleka maabara maji ya uzazi ya wajawazito wawili ambao ultrasaundi ilikuwa imeonyesha ubongo wa mtoto una kasoro. Virusi vya Zika vikakutwa kwenye maji yale, ilhali kwenye damu na mkojo wa mama hao havikuonekana. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba virusi huvuka mpaka kwa mtoto, na ndiyo sababu nimekuambia kipimo cha damu kisichoonyesha kitu hakifungi mjadala.

Lakini wale wawili tayari walikuwa na kasoro zilizoonekana. Kwa mama ambaye ultrasaundi yake haina kasoro, sindano hiyo huleta majibu magumu kuyatumia. Virusi visipoonekana, huenda vilikuwepo vikapotea. Vikionekana, maana yake vimemfikia mtoto, si kwamba vimemdhuru. Na hakuna dawa ya kuviua ambayo tungempa. Sindano yenyewe, ambayo hufanyika kuanzia wiki ya 15, ina hatari ndogo ya kusababisha mimba kutoka. Kwa hali yako ya sasa nisingeishauri. Ultrasaundi ikibadilika, tutaizungumzia upya, maana hapo inaweza pia kutuonyesha sababu nyingine kama maambukizi ya virusi vya saitomegalo, ya vimelea vya toksoplasma, au tatizo la kromosomu.

Ibuprofeni ya siku mbili katika wiki ya 10 usiilalie macho. Kuanzia sasa, homa au maumivu yakija, tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Sababu ni mbili: ikiwa ugonjwa ni dengi, ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu, na kuanzia wiki ya 20 ibuprofeni inaweza kupunguza maji ya uzazi kwa kuathiri figo za mtoto. Kama daktari wako alikuwa tayari amekuandikia aspirini ya kipimo kidogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, usiiache kwa uamuzi wako. Mweleze hali hii aamue yeye.

Mume wako naye anaingia katika mpango huu. Zika huambukizwa pia kwa kujamiiana, na virusi hukaa kwenye shahawa muda mrefu kuliko kwenye damu. Inawezekana kabisa hukuumwa na mbu. Huenda umeipata kwake. Tumieni kondomu kila mara, au msikutane, mpaka ujifungue. Sisemi hivi ili umlaumu. Hakujua, na yeye pia anahitaji kuelezwa. Ikiwa mkipenda mimba nyingine baadaye na yeye ndiye aliyeambukizwa karibuni, ushauri ni kusubiri angalau miezi mitatu tangu augue. Ikiwa ni mwanamke peke yake aliyeambukizwa, ni miezi miwili. Mje wote wawili kwenye ultrasaundi ya wiki 18. Mambo haya ni mazito kuyabeba peke yako na kuyarudia nyumbani kwa mtu ambaye hakuyasikia.

Huenda unajiuliza kuna haja gani ya kujikinga sasa ilhali mambo yameshatokea. Ipo, kwa sababu hatujui kama uliyougua ni Zika. Kama ilikuwa dengi, bado unaweza kupata Zika, na dengi ya mara ya pili, ya aina nyingine, inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza. Vaa nguo zinazofunika mikono na miguu, lala ndani ya chandarua chenye dawa hata usingizi wa mchana, na upake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30 kwenye ngozi iliyo wazi, kwa kufuata maelekezo ya chupa. Wajawazito huitumia na haijaonekana kudhuru watoto wao. Maji yaliyotuama, hata ya kifuniko cha chupa, yamwagwe kila wiki, na vyombo visuguliwe, kwa sababu mayai ya Aedes hushikamana na ukuta wa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji.

Ukipata homa tena, nenda hospitali siku hiyohiyo, na ueleze wazi kwamba una mimba na kwamba uliwahi kuwa na majibu haya. Nenda bila kusubiri asubuhi ukiona maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, fizi au pua kutoka damu, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, damu au maji kutoka ukeni, au mtoto kupunguza kucheza. Kwa dengi hatari huja pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, wakati mgonjwa na ndugu zake wanaposhukuru kwamba amepona. Miguu ikianza kuishiwa nguvu au kufa ganzi ikipanda juu, hiyo nayo ni dharura, kwani Zika huweza kufuatiwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Homa ya siku za mwisho kabla ya kujifungua iogope kwa namna ya pekee. Dengi wakati huo inaweza kuleta kutoka damu nyingi. Chikungunya nayo ina tabia yake: mama akijifungua virusi vikiwa vimejaa kwenye damu, mtoto anaweza kuvipata. Kwenye kisiwa cha Réunion, katika mlipuko wa 2005 na 2006, karibu nusu ya watoto wa akina mama wa hali hiyo waliambukizwa, na kuzaa kwa upasuaji hakukuwakinga. Watoto hao huzaliwa wakionekana wazima kabisa, kisha huugua kati ya siku ya 3 na ya 7. Kwa hiyo mama wa namna hiyo haruhusiwi kwenda nyumbani baada ya saa 24 na mtoto wake "mzima". Hukaa, mtoto akaangaliwa.

Siku mtoto wako atakapozaliwa, timu ya wodi ya wazazi iwe tayari imeyasoma majibu yako. Kichwa kipimwe baada ya saa 24 za kwanza, kwa sababu njia ya uzazi hukibana kikabadilika umbo, na kirudiwe ndani ya wiki ya kwanza. Kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, mvulana aliye chini ya sentimita 31.9 au msichana aliye chini ya 31.5 anahitaji uchunguzi zaidi. Ikiwa PCR yako ilionyesha Zika, au kipimo chochote kimeacha shaka kubwa, damu na mkojo wa mtoto vipimwe siku za mwanzo kabisa, kisha afanyiwe ultrasaundi ya ubongo kupitia utosi, na apimwe macho na masikio. Hata akitoka na kila kitu sawa, endelea kumpeleka apimwe kichwa na hatua za ukuaji: kuinua shingo, kukufuata kwa macho, kukaa, kushika. Wapo waliozaliwa na kichwa cha kawaida ambacho baadaye kikapunguza kasi ya kukua, na wapo ambao tatizo la kuona lilijitokeza baadaye. Mtoto aliyegundulika mapema hupata mazoezi ya viungo na msaada wa kulisha mapema, na hilo huleta tofauti kubwa kwake na kwako.

Na kunyonyesha: ndiyo, mnyonyeshe. Chembechembe za Zika zimewahi kuonekana kwenye maziwa ya mama, lakini faida ya maziwa hayo inazidi hatari hiyo, na Shirika la Afya Duniani linawashauri akina mama walioambukizwa au wanaohisiwa wameambukizwa wanyonyeshe kama kawaida. Aanze ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, na maziwa yako peke yake yamtoshe miezi sita. Akishindwa kunyonya au akipaliwa mara kwa mara, usilazimishe na usilaumu maziwa yako; mwite muuguzi amwangalie anavyomeza, kabla hamjatoka wodini.